Kadena ya Yaya Hubert Mumbere

Wazazi wetu, wakwe zetu, ba-père wa kanisa, majirani wa Ngezi, ba-collègue, na ninyi wote wenye muko mu fréquence saa hii, juu micro ya phonie, ile radio ya kuongea na watu wa mbali, iko wazi hapa pembeni ya sanduku na Alphonse, opérateur wa Niania, ametuhakikishia kama kule wanasikia bila makelele, familia imenituma miye Kasereka, mudogo yake wa tumbo moja, nisome maisha ya yaya yetu, kaka yetu mukubwa, Hubert Mumbere, mwenye alituacha samedi tarehe 28 juin 2003, na miye masomo sikumaliza, ile kila mutu wa quartier anajua, basi kama Kifaransa inaniteleza musicheke sana, ao mucheke tu, hata yeye angecheka.

Shemeji Marcellin, mwenye ametoka Komanda kwa jina ya familia ya bibi ya marehemu, alitwambia jana mbele ya wazee kama sanduku haitashuka mu shimo mpaka maneno ya mwanamuke wa pili ielezwe, na wazee walisema iko na haki, kwa hiyo nitasoma yote, sitaruka kitu, na ile maneno nitaifikia mu nafasi yake.

Yaya Hubert alizaliwa hapa Bunia, quartier Ngezi, dimanche tarehe 14 mars 1971, mutoto wa kwanza wa Papa Anselme Paluku, chauffeur wa camion mu barabara ya Niania, na Mama Honorine, binti ya walimaji wa Djugu, na siku ile Papa alikuwa amekwama mu matope huko mbali, habari ilimufikia kupitia chauffeur mwengine mwenye alikuwa anatoka Bunia, na ile furaha akapiga klaxon mpaka batterie ikakufa, abiria wakashuka kusukuma, wanamutukana na kumupongeza pamoja. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 11 avril 1971. Juu ya Papa kuwa wa huku na Mama kuwa wa kule, siye watoto wa ile nyumba watu wa huku walituitaka wa kule, na wa kule walituitaka wa huku, na wakati vita ilifika ile haikusaidia mutu.

Alisoma primaire hapa Bunia tangu 1977 mpaka 1983, kisha secondaire, section math-physique, mpaka 1989, akapata diplôme d'État na 68 %, na mu ile miaka alikuwaka na tabia ya kuandikia wenzake vipande vya karatasi vyenye herufi zimegeuzwa, mwalimu anazikamata, anazisoma mbele ya darasa nzima « bzkdqh, nani ameandika bzkdqh? ». Mu octobre 1989 alikwenda Kisangani kusoma mathématiques, chuo ikawa inafungwa inafunguliwa juu ya grève, ile migomo, na wakati wenzake walikuwa wanarudia kwao yeye alibakia kwa ba-père wenye walikuwa na ordinateur moja, ni kusema kompyuta, akajifunza luga ya ordinateur yenye inaitwa Pascal, mu kitabu ya photocopie yenye ilikosa chapitre nzima katikati, akasema ile chapitre nitaiandika miye. Alirudi Bunia mu juillet 1993 bila licence, ile diplôme ya chuo.

Alifundisha hesabu mu secondaire tangu septembre 1993 mpaka mwisho wa 1996, na lundi tarehe 3 février 1997 alianza kazi mu bureau ya maendeleo ya kanisa, upande wa phonie na ordinateur, pamoja na Mademoiselle Estelle, opératrice, ule mwenye amesimama hapa mbele na foulard nyeusi, na nitamuhitaji kidogo kisha.

Ni mu ile phonie yaya alikutana na bibi yake wa ndoa. Gertrude alikuwa opératrice wa paroisse, ile parokia ya Niania, walizoeana sauti mbele ya kuonana sura, na kwa wenye hawajue phonie, pale mumoja anaongea, akimaliza anasema « à vous », zamu yenu, mwengine anajibu « bien reçu », nimesikia, na wote wanasikia, kuanzia Bunia, Mambasa, Niania, mpaka Isiro, kwa hiyo ile mapendo barabara nzima iliilea sawa mutoto wa wote. Yaya akiuliza kama Gertrude ameshakula, Mambasa ilijibu mbele yake: « Bunia, ameshakula, sombe na samaki, uliza kitu ingine! » Akitafuta neno, Isiro inaingia: « Bunia, kama umeshindwa, tukuombee mukono siye? » Mama yetu alikuwa anaona haya ya kwenda soko.

Basi yaya alikaa mbele ya ordinateur akaandika mu Pascal kazi ndogo-ndogo za kugeuza maneno ikuwe herufi bila kichwa bila mukia, akatuma diskette moja Niania mu camion ya Papa, juu paroisse ya kule ilikuwa na machine yao ya zamani yenye ilitumikaka na umeme ya panneau ya jua, na tangu ile siku akawa anasoma mu micro « Kilo, Tango, Oscar, Papa, Zoulou », Gertrude anaandika, anaingiza mu machine, anacheka peke yake. Mambasa walikasirika kabisa: « Bunia, tumeacha chungu ku moto kungoja habari, na ninyi munatufungia mulango! » Ile kitu aliiita Kadena, ni kusema kufuli. Na niseme vizuri, juu watu wanakosa pale, Kadena haikukuwa programe ya kufungua na kucheza, ilikuwa ile wenye kujua wanaita bibliothèque, na bibliothèque ya ordinateur haiko nyumba ya vitabu, iko sawa kisanduku ya fundi, kazi ya kufunga iko ndani, ya kufungua iko ndani, ya kuchanganya herufi iko ndani, na mwengine mwenye anaandika programe yake mu Pascal anaita tu jina, chombo inakuja. Rafiki yake Yves wa Butembo aliitumia kuficha majina ya wagonjwa mu dispensaire moja, na hakuwahi kumuomba yaya aeleze hata mustari moja.

Alifunga ndoa na Gertrude ku Niania, samedi tarehe 11 juillet 1998, siku moja mbele ya finale ya Kombe la Dunia, wazee walipiga hotuba mbio-mbio ile siku juu vijana walikuwa wanatafuta wapi iko télévision, na watu wa Mambasa walituma mbuzi na neno: « Hii ni ya masikio yetu yenye mulichosha. » Mungu aliwapa watoto wawili, Espoir, mwenye alizaliwa Bunia tarehe 2 mai 1999, na Plamedi, tarehe 20 janvier 2001. Papa Anselme alitutangulia katikati yao, tarehe 5 octobre 2000.

Wakati Espoir alikuwa hajaanza kukaa, vita iliwaka Djugu. Watu wa Mama walitawanyika, kama vile watu wenu wote walitawanyika, na mulango ya bureau ya phonie ikajaa, kila mutu anatafuta wake, uko wapi, uko na nani, mutoto iko muzima. Lakini wenye silaha walikuwa na phonie yao pia na walikuwa wanasikiliza. Kuko mama mumoja wa upande wa Djugu, jina sitaitaja, alipata habari mu micro kama dada yake na watoto wamejificha mu chapelle fulani, akashukuru, akalia, akafunga mizigo kwenda kuwachukua, na wenye silaha walifika mu chapelle mbele yeye afike. Estelle ndiye alikuwa amesoma ile message. Kwa siku mingi hakugusa micro.

Ni kisha ya pale Kadena iliacha kuwa muchezo ya wapendana. Yaya aliitengeneza upya, akaipeleka kwa paroisse zenye zilikuwa na machine, na tangu 2001 maneno ya kujificha na ya njia yote ilipita ndani ya Kadena, herufi tano-tano, Estelle anasoma saa nzima mpaka koo inakauka, na watu walifika kwao. Wengi wenye wamekaa hapa ku mabenchi walifika kwao namna ile.

Tarehe 30 juillet 2002, wakati Bunia ilianza kunuka vita, yaya alimutuma Gertrude na watoto Niania kwa wazazi, yeye akabakia juu ya kazi. Lakini mwisho ya ile mwaka vita ilishuka mu barabara ya Mambasa, ikawa inakaribia Niania, basi walipatana kupitia Kadena kama vendredi tarehe 13 décembre Gertrude atoke na watoto na familia mbili ingine, wapite mu pori kuelekea Wamba, mutu atawangoja ku muto, na yaya atawafuata kule Wamba. Ilikuwa message fupi sana, bila salamu, juu batterie ya Niania ilikuwa zaifu.

Mercredi tarehe 11, Estelle alikwenda kuchajisha batterie mu ville, akakutana pale na kijana mumoja wa phonie ya wenye silaha, walijuana tangu zamani mu fréquence, ule kijana akamucheka: « Opératrice, mama wa ule ingénieur wenu iko na adabu, eh! Anasalimia wakwe, anasalimia shangazi wa wakwe, bado kidogo asalimie na mbuzi! » Estelle alicheka naye, akabeba batterie, akageuka kona, akapiga mbio. Juu salamu za Mama hazikupitaka wazi hata siku moja. Zilipitaka tu ndani ya Kadena.

Yaya alielewa mbele Estelle amalize. Niwaeleze vile alinieleza miye, na miye nikaelewa. Kadena ilifungaka kila message na munyororo ya herufi, na munyororo ilikuwa ileile, inaanza kila mara ku mwanzo wake. Sasa ninyi munajua vile siye tunaandikia wakwe. Hakuna mutu anaanza na shida yake. « Tumusifu Yesu Kristo, wakwe zetu wapendwa, siye huku tuko wazima kwa neema ya Mungu, na ninyi muko namna gani, Papa iko namna gani na mugongo yake, Mama iko namna gani, watoto, wajukuu, mifugo », na ingine, na ingine, kila mutu wa Ituri anaijua kwa kichwa. Mwenye anajua maneno yenye iko chini ya kifuniko anapata munyororo herufi kwa herufi, na mwenye amepata munyororo anafungua message ya mutu mwengine yeyote, kama haipite urefu ya ile salamu. Salamu za Mama zilikuwa ndefu kupita zote. Message ya Gertrude ilikuwa fupi. Iliingia nzima ndani yake.

Mwaka moja mbele ya pale yaya alikuwa ameomba watu wapunguze salamu, watu walikataa, na Mama alimujibu: « Miye niingie kwa wakwe zangu bila kupiga hodi, sawa askari? » na yaya aliinama, akaacha. Mama, usilie. Alitwambia miye na Estelle, na alisema niisome siku yenye itabidi, kwamba kosa ilikuwa ya fundi, kadena yenye inavunjika juu mutu iko na adabu, ile ni kadena mubaya.

Sasa shemeji Marcellin, sikiliza hapa. Ilibakia siku moja na nusu. Kumwambia Gertrude « usitoke » ndani ya Kadena, wangesoma. Kumwambia wazi, wangesikia, wangejua njia imebadilika, na wangekwenda kuwatafuta mu Niania kwenyewe, familia zote tatu. Ilibidi Gertrude abakie nyumbani juu ya sababu yenye hakuna askari angeifikiria. Jeudi tarehe 12 décembre 2002, asubui, fréquence ikiwa imejaa, yaya alikamata micro akasema wazi, wote wanasikia: « Gertrude, usisumbuke kutoka kwenu. Sikutaki. Nilishaoa mwengine, iko mu nyumba, anavaa pagne zako. À vous. » Miye nilikuwa pale. Kisha Mambasa, wale wenye walitucheka miaka yote, sauti ilikuwa ya mutu mwenye anataka kupiga: « Bunia, kata micro. Unatupatisha haya. » Na Gertrude alisema tu: « Bien reçu. »

Hakutoka. Na juu yeye ndiye alijua ile njia, wengine pia hawakutoka. Wawindaji walihadisia kisha kama vendredi wenye silaha walilala ku muto wanangoja, mvua iliwapiga siku nzima, hakuna mutu alipita.

Wengi mutauliza juu ya nini hakumwambia kweli semaine yenye ilifuata. Juu wale watu hawakujua kama tumejua. Tangu ile siku yaya aliwapa ndani ya Kadena ya zamani njia za uongo, familia inaambiwa kwa kinywa ipite kushoto, message inasema kuume, na watu wa Djugu, wa Komanda, wa pande zote mbili, ndiyo, pande zote mbili, walipita wazima mpaka avril 2003. Kama Gertrude angepata kweli, angefurahi, na furaha mu phonie inasikika, hata Mambasa wangeisikia. Mara mingi nilimuona anakamata micro, anafungua kinywa, Estelle anamuangalia, anairudisha ku meza. Ba-père walimukataza kusoma masomo mu misa. Majirani walikuja kuchungulia ule bibi mupya, hawakuona mutu, wakasema anamuficha. Vijana wa Ngezi, na baadhi yenu nawaona kutoka hapa, mulikuwa munamupigia kelele mu njia: « Mwalimu, bibi ya ordinateur amepika nini leo? » Alijibuka: « Amechoma, kama kawaida. » Alikuwa anakonda.

Mu ile miezi aliandika Kadena ingine, kuanza ku msingi, yenye kila message inaanza na herufi zenye machine inaokota ovyo, munyororo ile haitarudi tena, na mutu anaweza kusalimia wakwe mpaka jua ishuke, hakuna mwizi atapata kitu. Aliimaliza dimanche tarehe 4 mai 2003. Diskette moja ilikwenda kwa Yves, Butembo, na ndege ya wafanyabiashara, ya Niania ilikuwa ingoje nafasi, na mardi Bunia ilipasuka. Sitaeleza mai, mulikuwako. Ordinateur tuliiona mara ya mwisho ku kichwa ya mwanaume mumoja, na sufuria juu yake. Yaya alikimbilia kambi ya pembeni ya aéroport na Mama ku mugongo, diskette ya Niania ikiwa mu mufuko ya shati, mvua iliinyeshea pamoja naye, ikaharibika. Pale kambi tumbo ilimukamata, tarehe 19 juin tulimubeba hospitali, wakasema typhoïde imetoboa utumbo, wakamupasua tarehe 21, alipata nguvu kidogo, akaongea, kisha homa ilirudi na akakata roho asubui ya tarehe 28, iko na miaka 32. Kitu ya mwisho yenye aliniambia na akili yake nzima ni hii: ile neno nilisema mu micro, usiirudishe mu sikio ya mutu mumoja, uirudishe mu micro.

Anaacha Mama Honorine, siye wadogo, watoto wake wawili, na bibi mumoja.

Familia inashukuru ba-docteur na ba-infirmier wenye walimupasua na taa ya mukono, bila gants za mikono za kutosha, na hawakutukimbia, majirani wa Ngezi wenye wametoa benchi na unga wakati hakuna mwenye iko na unga, ba-père, ba-collègue wote wa phonie, Yves, mwenye tangu semaine iliyopita anafunga habari za watu wa kambi kwa Kadena mupya kule Butembo, na Mademoiselle Estelle, mwenye ataweka mukono ku sanduku sasa mbele ya shemeji Marcellin aape kama nilichosoma ndicho aliona.

Ameapa.

Gertrude, shemeji yangu, wewe mwenye uko kule Niania pembeni ya Alphonse, wale watu walihama na phonie yao, hatuna tena mutu wa kuficha njiani, kwa hiyo nasema wazi, Mambasa musikie, Isiro musikie, wenye mulisikia tarehe 12 décembre musikie yote bila kupunguza: hakukuwa mwanamuke mwengine, hata siku moja, pagne zako zilikuwa mu malle ya nguo, panya tu ndio walizivaa, na kila dimanche yaya alizianika ku jua na kuzikunja tena, vibaya, hakujua kukunja.

Yaya, ulale na amani, kazi yenye ulinituma nimeifanya.

Sanduku haijashuka. Tunanyamaza siye wote hapa, Gertrude, fréquence ni yako. À vous.